Udongo Unapanda Mlima

Septemba, mawe ya Igogo yamepikwa mpaka ndani:
ukiyaegemea saa tatu usiku bado yana homa.
Ziwa liko pale chini, jingi, halina habari na mtu,
nami nina ndoo mbili
na bustani ya hatua kumi na nne.

Imekaa kati ya majabali matatu
kama mtoto kati ya shangazi zake.
Masika ilininyang'anya nusu.
Maji yaliteremka na samadi, na vitunguu,
na kijiko changu cha kupandia,
yakavitua vyote kwa mzee Lushinge,
nyuma ya choo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza mwezi huu si jembe.
Ni kubisha hodi.

"Nimefuata udongo wangu."
"Una jina?" anauliza,
kama alivyouliza mwaka jana na mwaka juzi.
Namwonyesha: ule mweusi, wenye pumba za mpunga,
wenye nyuzi za magugu maji niliyoyavuta mwenyewe
ufukweni, kwa reki ya meno manne.
Wa kwako, namwambia, ni changarawe tu, jiwe lililochoka.
"Umelala kwangu miezi mitano," anasema.
"Umekula, umekunywa."

Tunapatana: mchicha fungu moja kila Jumamosi
mpaka Krismasi,
na nisiguse upande wa maboga yake
ambayo, Mungu anaona, yameshiba jasho langu.

Ndoo kichwani, ndoo mkononi.
Ngazi hazilingani; ya saba inacheza.
Safari ya kwanza nahesabu ngazi,
safari ya tisa nahesabu pumzi.
Mjukuu wangu Mhoja anabeba kwa kopo la rangi,
robo inamwagika njiani.
Anasema hiyo ni ya sisimizi, nao wana shamba.

Kisha kingo. Jiwe kubwa chini,
dogo lizibe mdomo.
Mama, kule Magu, alikuwa akisema:
jiwe lisilokaa usilibembeleze, ligeuze.
Nimegeuza mengi. Moja limenila ukucha.

Marando ya viazi yamelala kivulini siku ya pili,
yanyong'onyee kwanza;
rando lenye kiburi halishiki udongo.
Mbegu za mchicha nachanganya na mchanga,
la sivyo kiganja kinazimwaga zote mahali pamoja
na zinaota kama ugomvi.
Bamia naziloweka usiku kucha kwenye kikombe cha marehemu.
Mpapai dume nimeunolea panga mara tatu,
nimeusamehe mara tatu.

Na wingu la kwanza usiliamini.
Lile linalosimama juu ya maji asubuhi,
jeusi, limenyooka kama moshi wa tanuri,
si mvua. Ni wadudu wa ziwa.
Wapangaji wapya wa kwa Ng'wasi walianua nguo mbio,
jioni taa yao ikafunikwa, chai yao ikaota mbawa.
Mimi nilifagia karai zima,
nikawazika kwenye shimo la mboji.
Ziwa nalo lilipe kodi.

Mvua yenyewe ilikuja bila kutuma salamu,
usiku wa kuamkia Jumanne.
Nilitoka na tochi na mfuko wa saruji kichwani.
Maji yalifika kwenye ukingo, yakasimama,
yakapekua mawe moja moja
kama mgambo anayetafuta risiti,
yakapata tundu, upande wa jiwe la ukucha.

Chini kwa Lushinge tochi nyingine iliwaka.
"Nyamizi! Umeanza kufika!"
"Mwingi?"
Akainama. Alikaa ameinama muda mrefu
kwa mtu mwenye kiuno kile.
"Wa kutosha bamia mbili."

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya mlima mzima
na ilinibidi nipige kelele:
"Basi zipande!"